Kuba la Brunelleschi uani kwangu: shajara ya mradi, hatua kwa hatua

Mwanzo wa Februari

Nimeanza rasmi. Mradi ni kujenga kuba dogo la Kanisa Kuu la Florence kule Italia, Santa Maria del Fiore, lile ambalo Filippo Brunelleschi alianza kulipandisha mwaka 1420. Natumia vitofali vya udongo vilivyochomwa kweli, chokaa na mchanga laini, skeli ya 1 kwa 50, na sharti nililojiwekea ni moja tu: hakuna mirunda wala mbao za kuegemezea chini ya kuba, kuanzia kozi (mstari mmoja wa tofali) ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeye aliweza bila hizo kwa upana wa karibu mita 45 kona kwa kona, mimi nataka nione kwa mikono yangu ilikuwaje.

Kwa wasiolijua hili jengo niseme kidogo. Kanisa lilianzwa 1296, mchoro wa Arnolfo di Cambio, wakajenga na kusimama na kujenga tena kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1367 mji ukakubali modeli ya Neri di Fioravante iliyosema kuba litakuwa kubwa hivi na halitakuwa na zile nguzo za kuegemea kwa nje kama makanisa ya Ufaransa. Wakakubali, wakajifunga, na wakati huo hakuna hata mmoja aliyejua litajengwaje! Ukuta wa pembe nane wa kubebea kuba ukaja kukamilika, umesimama juu wazi kabisa, zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni, na kilichobaki juu yake ni anga tu. Ndo mwezi Agosti 1418 wakatangaza shindano, zawadi florini 200 za dhahabu, mwenye akili ya kuliziba hili tundu ajitokeze.

Shida kubwa ilikuwa mbao. Fundi yeyote aliyewahi kujenga tao anajua, unapanga kwanza umbo la mbao, unajenga juu yake, mota ikikamata unaondoa. Sasa kwa tundu la ukubwa ule na urefu ule mbao zingekuwa msitu mzima, na mbao zenyewe zingejibeba vipi kabla hata hazijabeba tofali? Brunelleschi akasema hazihitajiki. Walimwona kachanganyikiwa. Na huyu hakuwa hata mwashi kwa asili, alikuwa sonara, kasomea kuchonga dhahabu na fedha na kutengeneza saa, lakini alishaenda Roma kukaa anapimapima magofu na majengo ya zamani, ikiwemo Pantheon, hekalu la kale la Warumi lenye kuba la zege la upana wa mita 43.3 ambalo linasimama mpaka leo.

Februari, katikati

Mchoro umekamilika na umechorwa sakafuni kwa chaki, ukubwa halisi wa modeli. Kona kwa kona ni sentimita 90. Hapa kuna kitu kizuri sana na mtu yeyote mwenye kamba na msumari anaweza kukifanya leo leo. Umbo la kuba la Florence siyo nusu duara, limechongoka, na kipimo chake kimeandikwa kwenye maelekezo ya kazi ya mwaka 1420: unagawa upana wote mafungu matano sawa, unaweka ncha ya bikari kwenye alama ya fungu la kwanza toka upande mmoja, unafungua mpaka mwisho wa upande wa pili, unachora kwenda juu. Yaani nusu-kipenyo ni manne ya tano ya upana. Kwangu mimi sentimita 90 zinagawanyika kila fungu 18, bikari inafunguka 72, na mkunjo unatoka msafi kabisa. Nimechora pande zote mbili nikatazama pale zinapokutana juu, nikaelewa kwanini wakachagua hivi, kuba lililochongoka linasukuma kuta za chini kwenda nje kwa nguvu ndogo kuliko lile la mviringo.

Unene nao umeandikwa. Kuba hili ni magamba mawili, moja ndani ya jingine, na katikati kuna nafasi ya mtu kupita na ngazi zake, na ndo humo watalii wanapanda hadi leo, ngazi 463. Gamba la ndani chini kabisa lina unene wa mita 2 na ushee na linapungua kadri linavyopanda, la nje lina kama sentimita 73 chini na lenyewe linapungua. Kwa skeli yangu la ndani ni sentimita 4 na kidogo, la nje sentimita moja na nusu hivi. Kuunganisha magamba kuna mbavu 24, nane kubwa kwenye kona ambazo ndo zinaonekana kwa nje zimevalishwa marumaru nyeupe, na nyingine 16 zimefichwa ndani, mbili mbili kila upande.

Februari, mwishoni

Vitofali. Kitofali kimoja ni sentimita 4 kwa 2 kwa 1. Najua kwa skeli ni kikubwa mno, cha kweli kingekuwa kama punje ya mchele na huwezi kukipanga ukiwa na akili timamu, lakini kinachonihusu mimi ni mpangilio wa tofali, sio kila tofali lihesabike. Kuba la kweli linakadiriwa kuwa na zaidi ya matofali milioni 4 na uzito wa tani 37,000 hivi.

Tunakata kwa waya kwenye fremu ya mbao, tunaanika kivulini siku za kutosha, ndipo tunachoma. Mvua za wiki hii zimechelewesha kuanika, kwa hiyo nimetumia muda huo kuwasomea vijana wawili ninaofanya nao kazi habari za Florence. Kilichowashika zaidi ni kwamba Opera del Duomo, ile ofisi iliyosimamia ujenzi wa kanisa, ilikuwa inakagua matofali kabla hayajapanda, na wajenzi walikuwa na matofali ya maumbo mbalimbali, ya pembe tatu, ya mkia wa mbayuwayu, yenye ukingo, kila moja kwa kona yake. Na mafundi wa mawe walipokuwa hawaelewi anachotaka, Brunelleschi alikuwa anawachongea mfano kwenye mboga ya mizizi, zile kama figili kubwa, zinazopatikana msimu wa baridi, anamkabidhi fundi mkononi, chonga hivi. Hapo kijana mmoja akasema kumbe hata michoro siyo kila kitu. Kweli kabisa, mtu akishika kitu mkononi anakielewa tofauti.

Machi, wiki ya kwanza

Kozi za chini zimeanza kupanda. Hizi hazina shida kwasababu mwanzoni ukuta unaenda karibu wima, Florence kwenyewe sehemu hii ya chini ni mawe, matofali yanaanza juu yake ili kupunguza uzito.

Humu nimeingiza mnyororo wa kwanza. Sasa wajenzi wa kwetu hapa mtaelewa haraka: kila nyumba tunayojenga tunafunga linta kuzunguka ili kuta zisiachane, sivyo? Kuba nalo linataka kufunguka kwa chini, uzito wa juu unalisukuma kwenda nje. Brunelleschi akazika ndani ya kuba minyororo ya mawe, mihimili mirefu ya mawe ya mchanga iliyofungwa kwa vyuma, chuma chenyewe kimezungushiwa risasi kisiote kutu, na akaongeza mnyororo mmoja wa mbao za mchestnati ambao ukipanda kati ya magamba mpaka leo unauona, mbao zimeunganishwa kwa vipande vya chuma na mbao. Mimi nimetumia waya na vipande vya mbao ngumu. Nimeufunga, nikapiga mota, nikaendelea.

Nitaje na hili ili picha isiwe ya upande mmoja. Kuba la Florence lina nyufa. Zinajulikana tangu karne ya 17, ziko kwenye pande zilizo juu ya nguzo kubwa za chini, na leo zinapimwa kwa vifaa maalumu saa zote. Halijaanguka kwa miaka karibu 600, ila linapumua, joto na baridi vinafungua na kufunga nyufa kidogo kidogo kila mwaka. Ukitaka kulipenda jengo lipende na nyufa zake.

Machi, wiki ya tatu

Wiki hii ndo nilikuwa naisubiri. Ukuta umeanza kuinama kuelekea ndani na sasa swali ni lilelile la 1420: tofali ukiliweka kwenye mota mbichi, juu ya kozi iliyoinama, nini kinalizuia lisiteleze?

Tumefanya jaribio makusudi. Kwenye ubao tulioinamisha tumepanga vitofali kozi ya kawaida, vimelala tu, mota mbichi. Mpaka kuinama nusu vilitulia, tulipozidisha vikaanza kuteleza taratibu kozi nzima pamoja, kama ilivyotarajiwa. Kisha tukapanga upya, safari hii kila baada ya vitofali vitatu vilivyolala kimoja kinasimamishwa wima, na kozi inayofuata kile kinachosimama kinasogezwa hatua moja pembeni, na inayofuata tena hatua moja, mpaka vile vya wima vinatengeneza mstari unaopanda kwa mshazari. Huo ndo mpangilio wa mifupa ya samaki ambao Florence inajulikana nao. Vitofali vya wima vimeshuka mpaka kozi ya chini ambayo tayari imekamata, kwa hiyo vinafanya kazi ya kubana, na vile vitatu vilivyolala katikati yao vimebanwa kushoto na kulia, haviwezi kwenda popote. Tukainamisha ubao kwa pembe ileile iliyovitelezesha vile vya kwanza. Vikakaa. Tukainamisha zaidi, vikakaa. Vijana walipiga kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Nataka mtu aelewe uzito wa jambo hili. Ina maana huhitaji kozi nzima ikamate ndo uwe salama, unahitaji tu kile kipande kidogo kati ya wima mbili kikamilike, na hicho watu wachache wanakimaliza haraka. Kozi ikishafunga mzunguko inajibeba yenyewe kwasababu haiwezi kuanguka kwa ndani bila tofali zake kubanana. Ni mviringo uliofungwa. Basi unajenga mviringo juu ya mviringo, na kila siku jioni unaondoka kazini ukiacha kitu kilichosimama.

Lakini mbona kuba lenyewe lina pembe nane, siyo mviringo? Hapo ndo akili ya huyu jamaa inanishangaza. Gamba la ndani ni nene kiasi kwamba ndani ya unene wake unaweza kupitisha mviringo kamili bila kukatika kwenye kona. Kwa macho unaona pembe nane, kwa nguvu linafanya kazi kama duara. Na kozi za matofali hazijanyooka kila upande, zinashuka katikati na kupanda kuelekea kona, kama kamba iliyolegea, kwasababu vitanda vya tofali vyote vinainama kuelekea katikati ya kuba. Kuyapata haya kwenye modeli nimesimamisha mti mmoja katikati, nimeupima kwa timazi, nikafunga kamba inayozunguka na kupanda nao, kila kitofali kinainamishwa kufuata kamba. Wataalamu bado wanabishana Brunelleschi mwenyewe aliongozaje mkunjo wakati wa kujenga, hakuacha maandishi. Profesa wa Florence, Massimo Ricci, alijenga modeli yake ya tofali skeli ya 1 kwa 5 kwenye bustani ya Anconella huko huko mjini kujaribu kulijibu swali hili, ni kubwa kiasi mtu anaingia ndani.

Na mwaka 2012 wachimbaji walikuta karibu na kanisa mabaki ya kuba dogo la tofali lenye mpangilio huu wa mifupa ya samaki, upana wa mita 3 hivi. Inadhaniwa ni la wakati wa ujenzi, la kujaribia. Niliposoma hilo nilifurahi sana, kwasababu hii njia ya kujenga dogo kwanza ndo njia yao hasa. Hata kwenye shindano la 1418 Brunelleschi alipeleka modeli ya tofali na mota iliyojengwa bila mbao za kuegemezea, akisaidiwa na wachongaji wakubwa wawili, Donatello na Nanni di Banco.

Machi, mwisho

Kuna rafiki yangu injinia alipita akaangalia kazi, akaniuliza swali la maana: je hii modeli inathibitisha kuba ni imara? Jibu ni hapana, na ni vizuri kila anayejenga modeli alijue. Ukipunguza vipimo vyote mara 50, uzito unapungua mara 50 mara 50 mara 50, lakini eneo la mota linaloshika tofali linapungua mara 50 mara 50 tu. Kwa hiyo kwenye modeli mota inashika mara 50 vizuri zaidi ukilinganisha na mzigo ilionao. Kitofali changu kinaning'inia mahali ambapo tofali la kweli la kilo nyingi lingeshashuka. Modeli yangu inaonyesha njia ya kupanga, inaonyesha mikono inafanya nini na kwa mfuatano gani, ila habari ya nguvu ni hesabu nyingine. Brunelleschi hakuwa na hizo hesabu, hazikuwepo. Alikuwa na macho, na uzoefu, na mafundi.

Aprili, wiki ya kwanza

Sasa nizungumzie mafundi, maana ndo sababu hasa ya mimi kufanya huu mradi.

Tarehe 7 Agosti 1420 kazi ilipoanza, waliosimamia walikuwa watatu. Brunelleschi tunamjua. Lorenzo Ghiberti tunamjua, yule wa milango ya shaba ya Batisteri, jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa hilohilo, aliyemshinda Brunelleschi kwenye shindano la mlango mwaka 1401, na mlango wake wa pili alioumaliza 1452 ndo Michelangelo alisema unafaa kuwa lango la paradiso. Wa tatu ni Battista d'Antonio. Nimewauliza watu wengi wanaopenda sanaa, hawajawahi kulisikia hilo jina. Alikuwa mwashi. Ni yeye aliyekuwa juu kule na watu wake siku kwa siku, mvua na jua, anahakikisha kozi zinakwenda, mota imechanganywa sawasawa, tofali la wima limekaa wima. Mawazo yalikuwa ya Brunelleschi na simnyang'anyi hata chembe, ila wazo la mifupa ya samaki bila mtu wa kuongoza mamilioni ya hayo matofali yaende sawa ni maneno tu. Kwenye kibao cha modeli yangu majina yatakuwa matatu.

Maisha ya kule juu yalikuwa hivi. Walipanda asubuhi na ili wasipoteze muda kushuka walikuwa wanakula kulekule juu. Mvinyo walipewa lakini umechanganywa na maji, ili mtu asilewe akiwa mita 60, 70 hewani. Kwenye majukwaa kulikuwa na vizuizi vya kuzuia mtu asianguke na asione chini akashikwa kizunguzungu. Kwa karne ya 15 huo ni uangalizi mkubwa wa wafanyakazi, hata leo kwenye saiti nyingi huupati.

Lakini kuna habari nyingine pia, inasimuliwa na Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii, kwamba waashi walidai nyongeza wakagoma, Brunelleschi akaleta wengine kutoka Lombardia akawafundisha kwa muda mfupi, na wale wa kwanza walipotaka kurudi akawachukua kwa ujira mdogo kuliko wa mwanzo. Wengi wanaisimulia kama ujanja wake. Mimi naiona ni dhuluma, na kwamba jengo ni zuri haibadilishi hilo. Mwaka 1434 yeye mwenyewe akawekwa ndani na chama cha waashi kwa kutolipa ada ya uanachama, Opera wakaingilia kati akatolewa baada ya siku chache.

Kuhusu yeye na Ghiberti, inasimuliwa kwamba alichoka kuona jamaa analipwa mshahara uleule bila kujua kazi, akajilaza kitandani anaumwa, mafundi wakimwendea Ghiberti awape maelekezo hana la kusema. Labda ni kweli, labda imetiwa chumvi. Ghiberti aliweka miaka yake kwenye shaba, na ile shaba inatosha.

Aprili, katikati

Gamba la ndani limepita nusu. Gamba la nje linafuata nyuma yake na mbavu zinapanda pamoja, hivi ndivyo walivyofanya, vyote vinakwenda juu kwa pamoja.

Kijana mmoja ameomba atengeneze winchi ya Brunelleschi kwa mbao wakati sisi tunapanga, nimemruhusu, na ameifikisha mahali pazuri. Hii mashine ilijengwa mwanzoni kabisa mwa kazi na wakati wake hakukuwa na kitu kama hiyo. Maksai wanazunguka mti wima, mti unazungusha gia, gia inazungusha ngoma yenye kamba, mzigo unapanda. Shida ya mashine za zamani ni kwamba ukitaka kushusha unawafungua wanyama na kuwageuza. Yeye aliweka magurudumu mawili ya meno kwenye mti mmoja, la juu na la chini, na parafujo ya kupandisha au kushusha ule mti, ukiupandisha gurudumu moja linashika, ukiushusha linashika jingine na ngoma inazunguka kinyume. Maksai wanaendelea kutembea upande uleule. Kijana amechonga meno kwa msasa na kisu na gia inashika pande zote mbili, nimeizungusha mwenyewe kwa kidole, ngoma inageuka kinyume bila mti wa wanyama kusimama. Leonardo da Vinci alipokuwa kijana hapo Florence alichora mashine hizi kwenye daftari zake, na ndo mojawapo ya sababu watu wengine walidhani ni za Leonardo.

Siyo kila chombo chake kilifanikiwa. Mwaka 1421 mji ulimpa haki ya pekee ya chombo cha majini cha kubebea marumaru kwenye mto Arno, moja ya hati za kale kabisa za namna hiyo zinazojulikana, na baadaye chombo kikazama na mzigo wake. Hasara ilimuumiza. Akarudi kwenye kuba.

Aprili, mwisho

Wanafunzi wa sekondari ya jirani walikuja kuangalia, na mmoja akauliza hii inahusiana nini na ile sanamu ya Daudi ya Michelangelo kwasababu alishaona imeandikwa Florence pia. Swali zuri kuliko alivyodhani. Lile jiwe lilikuwa mali ya ofisi hiyohiyo, Opera del Duomo. Walitaka sanamu za kuweka juu nje ya kanisa, kwenye miegamo chini ya kuba, Agostino di Duccio akaanza kulichonga 1464 akaacha, miaka ikapita jiwe limelala uani linanyeshewa, hadi 1501 wakampa Michelangelo akiwa na miaka 26. Alipomaliza 1504 kamati iliyokaa kuamua liwekwe wapi ilikuwa na Leonardo na Botticelli ndani yake! Waliona haifai kwenda juu, ikapelekwa mbele ya jumba la serikali ya mji, na iliyopo pale nje leo ni nakala, yenyewe ilihamishiwa makumbusho ya Accademia mwaka 1873.

Michelangelo huyohuyo akiwa mzee alikabidhiwa kazi ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na kuba alilolichora nalo ni la magamba mawili na mbavu, funzo la Florence liko wazi. Alifariki 1564 kabla halijapanda, Giacomo della Porta akalimaliza 1590.

Wakaniuliza pia kama nitachora picha ndani ya modeli kama kule. Kule ndani kuna Hukumu ya Mwisho, waliichora Vasari na baada yake Federico Zuccari kati ya 1572 na 1579. Sitachora. Nataka anayeingiza kichwa chini ya kuba hili aone vitofali, ile mistari ya wima ikipanda kwa mshazari mpaka juu. Kule Florence rangi na lipu vimeifunika, unaiona tu ukipita kati ya magamba.

Mei, wiki ya kwanza

Tumefika kwenye tundu la juu. Kozi za mwisho zimeinama kweli kweli, kitofali unakiweka karibu kisimame kwa ubavu, unakibana, unahesabu pumzi kidogo, unaachia. Duara la kufunga tumelipanga kwa pande zote nane kwa pamoja, mtu wawili wawili wakitazamana, ili uzito usiegemee upande mmoja. Limefungwa Jumamosi jioni, na hakuna kipande kimoja cha mbao kinacholibeba chini yake. Mti wa katikati nimeung'oa Jumapili asubuhi.

Kule Florence kanisa liliwekwa wakfu Machi 1436 na Papa Eugenio IV na kuba likafungwa kiangazi cha mwaka huohuo, miaka 16 tangu tofali za kwanza. Ikabaki kile kibanda cha marumaru cha juu kabisa. Wakaitisha shindano tena, baada ya yote aliyofanya! Akashiriki kama wengine, akashinda tena. Alifariki Aprili 1446 kibanda kikiwa ndo kimeanza tu, kikamalizika 1461, na mwaka 1471 karakana ya Andrea del Verrocchio ikapandisha tufe la shaba lililopakwa dhahabu na kulikalisha kileleni. Leonardo alikuwa kijana wa karakana hiyo, na miaka mingi baadaye aliandika kwenye daftari lake akijikumbusha jinsi lile tufe lilivyochomelewa.

Kibanda siyo pambo, na ndo kazi inayofuata kwetu. Mbavu nane zote zinakutana kwenye duara la juu na zinataka kulisukuma, uzito wa marumaru ukikaa juu yake unazibana pamoja. Nimepata kipande cha jiwe la kuchonga, siyo marumaru ya Carrara bali ni jeupe na gumu, kijana wa winchi anataka tulipandishe kwa mashine yake na siyo kwa mkono. Kabla ya hapo nitaweka mzigo wa mchanga juu ya duara, kilo moja moja, huku tukipima upana wa chini kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa usahihi, kuona kama mnyororo wa kwanza unashika. Vipimo nitaviandika hapa vyote.

Mei, wiki ya pili

Mchanga umewekwa mpaka uzito wa jiwe na nusu yake ya ziada. Upana wa chini haujasogea kiasi cha kalipa kusoma. Ufa mmoja mwembamba umetokea kwenye mota ya gamba la nje upande wa mashariki, unaishia kwenye ubavu, nimeuwekea alama ya penseli kila mwisho na tarehe ili tuone kama unakua. Jiwe tunaanza kulichonga kesho.